Mizunguko Mia Sita kwa Dakika

Nyinyi vijana mmekuja wakati mzuri. Mnabandika kidude kwenye mashine, mnakwenda kunywa chai, na mkirudi kompyuta imekwisha kukuchoreeni milima na mabonde ya mtetemo na pembeni imeandika jina la ugonjwa. Sikuoneeni wivu. Magoti yangu sasa yanalia kuliko beringi yoyote niliyowahi kuipima, na hakuna anayenibadilishia. Lakini mwalimu wenu aliponiomba nikuandikieni machache juu ya kazi hii, niliona siku nilizofanya vizuri zote zinafanana, hazina la kusimulia. Basi nitakuelezeni siku niliyoipima mashine ya barafu kule Mutsamudu, nikatoa jibu kwa sauti ya kujiamini, na mtu akalala kizuizini kwa jibu lile.

Kwanza mjue nilivyoingia katika kazi hii, maana sikuingia kwa mlango.

Wazazi wangu ni Wangazija, ila mimi nilizaliwa Unguja na nikasoma Unguja. Tuliporudi Moroni nilikuwa msichana mkubwa, Kiingereza kimenijaa kichwani, na Moroni Kiingereza hakikuwa na kazi yoyote. Barua zilikuwa za Kifaransa, dua za Kiarabu, ugomvi wa Kingazija. Nikapata ukarani katika karakana moja iliyotengeneza injini za kila aina, za pampu, za jenereta, za mashua. Nilikuwa naandika saa ambazo kila injini imefanya kazi na vipuri vilivyobadilishwa. Mafundi waliniita Bweni Zaituni, na bweni kule ndilo neno la heshima kwa mwanamke, lakini heshima yenyewe iliishia kwenye kizingiti. Ndani, kwenye grisi, sikutakiwa.

Mkubwa wa mafundi alikuwa Fundi Maulida. Yeye alikuwa miongoni mwa Wakomoro waliorudishwa kutoka Majunga, mji wa Bukini, kile kisiwa kikubwa cha jirani, baada ya ghasia za kule. Nyumba aliiacha, vyombo aliviacha, akashuka Moroni na Msahafu, picha ya mama yake na bisibisi moja ndefu yenye mpini wa mti. Bisibisi ile ndiyo iliyokuwa hospitali yetu. Alikuwa akiweka ncha yake juu ya injini inayonguruma, mpini akauegemeza nyuma ya sikio, akafumba macho. Kisha husema, silinda ya tatu inakohoa. Wakiifungua, silinda ya tatu kweli ina kikohozi.

Baadaye nikaanza kuona jambo la ajabu katika daftari langu. Mashine zote zilikuwa zimepona. Fundi Maulida alikuwa akisikiliza, anafumba macho, anasema nzima, niandike nzima. Wiki mbili baadaye ile nzima inaletwa kwa gari la kukokotwa. Karani mwanamke hamwambii fundi mkuu kwamba daftari lake linamshuku.

Wakati huohuo tajiri wa karakana akaletewa zawadi na wageni fulani, sanduku la chuma lenye uzito wa mbuzi mchanga. Lilikuwa na kioo chenye mshale, kitasa cha kuzungusha, na waya mrefu uliofungwa kitu mfano wa gunzi la hindi. Ndani mlikuwa na kitabu cha maelezo. Mafundi wakakizunguka siku nzima, wakakigeuza, wakakinusa, na mwisho wakakubali kuwa kitabu kile ni cha Kiingereza. Ndipo waliponikumbuka.

Nilikisoma majuma matatu. Na nikuambieni jinsi nilivyouelewa mtetemo, kwa sababu mpaka leo sijapata njia bora. Umekaa sebuleni, mlango umefungwa, watu wanapita nje. Humwoni mtu, lakini unajua huyu ni shemeji, anaburuta ndara. Huyu ni mwalimu wa chuo, hatua zake fupi za haraka. Yule ni mama mzito aliyebeba ndoo. Mashine ni hivyohivyo. Mhimili unatikisa mara moja kwa kila mzunguko. Meno ya gia yanatikisa mara nyingi zaidi, kadiri ya idadi yake. Beringi iliyochubuka ina mwendo wake. Vyote vinapita kwa pamoja na ndiyo maana sikio husikia kelele tu. Kile kitasa kilikuwa kikichuja, ukikiweka kwenye mia sita kwa dakika unasikia wanaopita kwa mwendo wa mia sita peke yao, na mshale unakuambia ni wazito kiasi gani.

Kitabu kiliagiza kwamba gunzi lile lishikizwe kwenye mashine kwa sumaku yake. Sumaku ilikuwamo, yenye nguvu za kichaa. Niliitia mkobani siku moja, na nilipofika nyumbani ilikuwa imekumbatia ufunguo, mkasi, sindano tatu na vibanio vyote vya nywele. Nikaiweka kabatini nikasema mkono utatosha. Hilo ni kosa la kwanza, liandikeni.

Basi ikaja habari kutoka Mutsamudu, katika kisiwa cha Ndzuani. Kiwanda kidogo cha barafu, njiani kwenda Mirontsy, injini yake ilikuwa inatikisika wiki nzima, hata maji ya kwenye ndoo sakafuni yakicheza. Ile injini ndiyo iliyozungusha kompresa ya chumba cha baridi. Mle ndani mlikuwa na samaki wa wavuvi wa Mirontsy, nyama ya harusi ya binti mmoja wa mjini, na siagi ya Kapteni.

Hapa inabidi nikuelezeni juu ya Kapteni. Hiyo ilikuwa miaka ya mamluki. Wazungu wa kukodiwa walikuja na silaha, wakaipindua serikali, wakaweka nyingine, kisha wakasahau kuondoka. Watu mjini waliwaita kwa Kifaransa jina lenye maana ya wenye sura za kutisha, lakini walilitaja kwa kunong'ona na baada ya kutazama nyuma. Mmoja wao aliwekwa Mutsamudu, sisi tukimwita Kapteni tu. Alikuwa akihifadhi siagi, jibini na bia katika chumba kile cha baridi, na injini ilipoanza kutetemeka alikata shauri kwamba ni hujuma. Mtu wa kushukiwa alikuwa mmoja, Kombo wa Patsy, kijiji cha mlimani, mwangalizi wa injini ile tangu siku ilipofungwa.

Tukavuka kwa meli, mimi, Fundi Maulida na sanduku. Kombo alitupokea mlangoni, mtu mrefu, mkimya, suruali yake safi kuliko zetu. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kule Ndzuani mdogo humwamkia mkubwa kwa kusema kwezi. Nikasema kwezi. Akanijibu, "Mbona." Mimi na Kiunguja changu nikadhani naulizwa mbona nimekuja. Nikamweleza yote, karakana, sanduku, kitabu cha Kiingereza, kichefuchefu cha melini. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akanipa kiti. Fundi Maulida ndiye aliyeniambia baadaye kwamba mbona ndilo jibu la kwezi na kwamba maamkizi yetu yalichukua robo saa.

Tulipoingia kwenye injini, Kapteni akaja kutazama na sajini wake na askari mmoja. Akasimama nyuma yangu, karibu hivi, bastola kiunoni. Fundi Maulida akaweka bisibisi yake. Akasikiliza hapa, akahama pale, akafumba macho muda mrefu. Alipoyafungua alinitazama mimi, sikupata kumwona na macho yale kabla. "Bweni, pima," akasema.

Nikafunga leso vizuri mbali na mkanda wa injini, nikalishika gunzi kwa mkono wa kulia, nikaligandamiza juu ya nyumba ya beringi. Injini ile ilikuwa ikienda mizunguko mia sita kwa dakika. Nikaweka kitasa kwenye mia sita. Mshale ukaruka, ukashuka, ukapanda, ukawa unahangaika kama kuku aliyefungiwa nje.

Ukurasa wa kumi na moja wa kitabu ulisema, na nilikuwa nimeukariri, kwamba mshale wa mashine husimama palepale, na ukiuona unahangaika, shuku jinsi ulivyoshika kabla hujaishuku mashine. Niliujua ukurasa ule kama ninavyoijua Fatiha. Lakini Kapteni akaniuliza nyuma ya kisogo, haya, nimeona nini. Na mimi, ambaye kwa miaka yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nimeona nini, nikajibu. Nikasema gurudumu kubwa la injini limepoteza mizani. Akauliza gurudumu la chuma linapotezaje mizani. Nikasema, kwa furaha ya mwanafunzi aliyepata jibu, ama kuna kitu kimetolewa juu yake ama kimeongezwa.

Ni pale nilipomwona Kombo ananitazama ndipo nilipoelewa nilichosema.

Walimchukua palepale. Alimwambia Fundi Maulida tu kwamba bomba la mafuta lifungwe kwanza kabla ya kuzima injini, sio baadaye, kisha akatoka katikati ya sajini na askari, na mimi nimebaki na gunzi mkononi.

Asubuhi ya pili injini ikazimwa ili gurudumu lifunguliwe. Barafu iliyokuwamo ingeshikilia baridi siku mbili, si zaidi. Fundi Maulida na vibarua wawili wakaanza kufungua kinga ya gurudumu. Mimi sikuwa na kazi. Nikalichukua gunzi nikaliweka juu ya beringi, hivi hivi, kuona kama sanduku ni zima baada ya safari. Mshale ukapanda. Mia sita. Ukaruka na kushuka vilevile kama jana.

Nikamwita Fundi Maulida nikamwambia sanduku limeharibika. Akaja akatazama mshale, akatazama injini, akaweka kiganja juu yake.

"Mashine imelala," akasema.

"Ndiyo, Fundi."

"Sasa anayezunguka ni nani?"

Nikautazama mkono wangu.

Vijana, mkono wa binadamu hautulii. Wa kila mtu hutetemeka, kidogo sana, mara nane au kumi au kumi na mbili kwa sekunde, na ukiogopa hutetemeka zaidi. Sasa pigeni hesabu. Mara kumi kwa sekunde ni mara mia sita kwa dakika. Mwenyezi Mungu aliupa mkono wangu mwendo uleule ambao mtengenezaji aliipa injini ile, na mimi nilikuwa nimeupima uoga wangu kwa chombo cha kisasa na kumpelekea Kapteni matokeo.

Chakula cha mchana sikukigusa. Nikawa na mawazo machafu. Gurudumu lilikuwa limekwisha kufunguliwa. Tungelirudisha, tukasema limetengenezwa, nani angejua? Ila injini ingeendelea kutikisika, na Kombo angeendelea kukaa alipo, safari hii kwa ushahidi wa kitaalamu. Nikamwambia Fundi Maulida yote hayo. Alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa, akakaa kando yangu juu ya kreti.

Akaniambia sikio lake halisikii tangu mwaka uliopita, lile la bisibisi, na la pili linamfuata mwenzake. Hakumwambia mtu. Kila injini aliyosema nzima alikuwa akiiombea dua njia nzima ya kurudi nyumbani. "Kwa hiyo tuko wawili," akasema. "Mmoja wetu inabidi aende akamwambie yule bwana." Akaendelea kujifuta mikono. Nikangoja. Hakuonyesha dalili yoyote kwamba mmoja huyo ni yeye.

Nikaenda mimi, ila nilimlazimisha anibebee sanduku. Sikuwa na ujasiri wa kwenda mikono mitupu.

Kapteni alikaa katika nyumba ya juu ya mji, mezani, mbele ya kahawa na chupa iliyokaribia mwisho wake. Nikamwambia kwa Kifaransa changu cha karani kwamba jibu la jana halikuwa sahihi, gurudumu halina kitu, Kombo hana kosa, kilichotetemeka ni mkono wangu. Akaniuliza kwa nini mkono wangu utetemeke. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Yakanitoka yote.

"Kwa sababu ulikuwa umesimama nyuma yangu," nikasema.

Sajini wake akaacha kutafuna. Kapteni alinitazama, kisha akacheka, akacheka kweli, akasema wanawake na mashine ni vitu mbalimbali, na kwamba mkono wa askari hautetemeki. Akataka aonyeshwe. Nikawasha sanduku, nikaweka mia sita. Akalishika gunzi, akaligandamiza juu ya meza.

Mshale ukaenda mpaka mwisho wa kioo na kugota.

Nikazungusha kitasa cha pili, kile cha kupunguza ukali, nikidhani nimekosea. Ukagota tena. Sajini na yule askari wa jana, aliyekuwa mlangoni, wakaanza kutazama dari. Darini hapakuwa na kitu ila mjusi mmoja, na walimtazama mjusi yule kwa bidii ambayo sijaiona hata kwa wasomi. Mimi, kwa upumbavu wa mtu anayependa kazi yake, nikaanza kumweleza Kapteni kwamba ni jambo la kawaida, kahawa huzidisha, na vilevile vinywaji vingine. Fundi Maulida akanikanyaga mguu.

Kapteni akaliweka gunzi mezani polepole sana, kama yai. Hakunitazama. Akauliza kipimo hiki hushikwa vipi.

Nikamwambia hakishikwi na mtu.

"Basi pimeni hivyo," akasema, na akaja nyuma yetu.

Tulirudisha gurudumu, tukawasha. Sumaku yangu ilikuwa Moroni kabatini inalinda vibanio, kwa hiyo Fundi Maulida akalibana gunzi kwa jiriwa ndogo ya mkono. Mshale ukapanda mahali pake, ukasimama. Nilikaribia kulia kwa uzuri wake. Kwenye beringi, kidogo. Kwenye silinda, kidogo. Nikakumbuka kwamba kitabu kilisema kabla ya kumshtaki mtu aliye juu muulize aliye chini, nikaomba tushuke kwenye miguu ya injini. Ilikuwa sita, kila mmoja umefungwa kwenye saruji kwa bolti na nati. Mguu wa kwanza, mshale haukujali. Wa pili, vivyo hivyo. Tulipofika wa tano na wa sita, ile ya pembeni karibu na ukuta, mshale ukaruka. Nikajaribu mia sita, nikajaribu mara mbili yake, mara tatu yake, kote umo. Hiyo ndiyo sauti ya kitu kilicholegea. Kinagonga kila kinapokwenda na kila kinaporudi.

Pale chini palikuwa na kitambaa kilichokunjwa vizuri, kimelowa grisi. Fundi Maulida akakiondoa. Bolti mbili zilikuwa zimesimama vichwa wazi. Nati hakuna, vipete vya washa hakuna. Mashine nzima ilikuwa imesimama kwa miguu minne na tulikuwa tunaishangaa kwa nini inachechemea.

Kapteni aliinama akazitazama bolti zile. Kisha akainuka akamtazama sajini wake, ambaye safari hii alikuwa anachunguza viatu. Kapteni alipomwuliza nati ziko wapi, sajini alieleza kwamba tangi la maji ya kuogea juu ya paa la nyumba yao lilikuwa likiyumba kwa upepo, na maduka yote ya Mutsamudu hayakuwa na nati nene kama zile, na mashine ya barafu ilikuwa nazo nyingi. Kitambaa alikiweka kwa ajili ya vumbi.

Hakuna aliyecheka. Nakuhakikishieni, kutocheka siku ile ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya katika utumishi wangu.

Nati zilishushwa kutoka juu ya paa kabla ya alasiri. Fundi Maulida alizikaza mwenyewe, huku kidogo na huku kidogo, kwa zamu, kama inavyotakiwa. Maji kwenye ndoo yakatulia. Samaki wa Mirontsy walipona na harusi ikala nyama. Siagi ya Kapteni ililegea kidogo, na kwa hilo sikutoa chozi. Tuliporudi Moroni Fundi Maulida alimweleza tajiri habari ya masikio yake, na tangu siku hiyo mimi nikawa napima na yeye akawa ananiambia pa kupima, na kizingiti cha karakana nikakizoea.

Lakini Kombo. Walimwachia mchana uleule, baada ya kulala usiku mmoja kule ndani. Hakuombwa radhi, aliambiwa tu aende kazini. Nilikuwa nimejipanga kumwomba msamaha kwa Kingazija cha adabu, na alipotokea mlangoni kikanitoka Kiswahili, kirefu, chote mkupuo mmoja. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza mara ya kwanza. Kisha akanipita, akaenda kuweka kiganja juu ya injini. Akarudi akanyoosha mkono akitaka daftari langu.

"Andika," akasema. "Patsy nzima imesikia nimeharibu mashine. Habari za mkono wako hawatazisikia kwa kuwa umeniambia mimi."

Nikafungua ukurasa, nikaanza kwa Kifaransa. Akanizuia. Kifaransa angekisoma Kapteni, na Kapteni alikuwa anajua tayari. Alitaka herufi za Kiarabu, zile ambazo kila mtu kijijini alijifunza chuoni, aweze kuisoma hata bibi yake. Nikaandika kwamba mtetemo uliopimwa siku ile haukuwa wa mashine, ulikuwa wa mkono wangu, na Kombo hana kosa. Akasoma kwa kidole, neno kwa neno, akanisahihisha pale nilipolitia neno moja Kiunguja. Nikaweka jina langu.

Akauliza kazi yangu ni ipi. Nikamwambia karani.

Akafikiri. Akasema karani haitafaa, watu watauliza karani alikuwa anatafuta nini kwenye injini, na barua haitaaminiwa. Akaniambia niandike mpimaji.

Nikaandika mpimaji wa mitambo. Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kukaa karibu na jina langu, na yalikaa chini ya kosa langu mwenyewe. Kombo akaupuliza wino mpaka ukakauka, akaikunja karatasi mara mbili, akaomba ruhusa ya jioni ile, akaanza kuupanda mlima wa Patsy kwa miguu ili awakute watu wa sala ya magharibi bado wamo msikitini.